Simu au Kishikwambi? Tuulizane Kwanza Nyumbani

Fedha ya kununulia simu haipatikani kirahisi. Kwa wengi wetu ni ya mavuno, ya mchezo wa kina mama, au ya mshahara uliobanwa miezi kadhaa. Basi kabla hatujashuka Kariakoo, au pale dukani stendi, tukae na watu wa nyumbani tuulizane: kifaa hiki kitafanya kazi gani, na atakitumia nani?

Vishikwambi si vigeni kwetu. Agosti 2022 makarani wa Sensa walikuja navyo hadi barazani, na baadaye vikaenda kwa walimu. Tuliona kioo kikubwa na maandishi yasiyoumiza macho. Nani asingetamani?

Lakini je, pesa yako unaitunza wapi? Si kwenye laini? Ada ya mtoto, umeme wa Luku, malipo ya wateja, yote yanapita kwenye namba yako. Sasa vishikwambi vingi vya bei nafuu havina tundu la laini, vinategemea Wi-Fi. Vingine vina tundu, lakini kwa ajili ya intaneti tu: havipigi simu, wala ukibonyeza *150*00# havikuletei menyu ya M-Pesa.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: kama nyumba ina uwezo wa kifaa kimoja, kiwe simu janja. Inaingia mfukoni, na usiku mgonjwa akizidiwa, ndiyo utakayopigia bodaboda.

Kishikwambi kije baadaye, na hapo hata kile kisicho na laini kitafaa, maana simu itakigawia intaneti kutoka kwenye bando lilelile. Nyumba yenye mwanafunzi itakifurahia. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na mtoto kusoma ukurasa mzima wa hesabu kwenye kioo cha simu, akiuvuta huku na huku, ni kumchosha bure. Kikae sebuleni, kiwe cha wote. Mzazi aone kinachotazamwa, na kila mtu ajue zamu yake. (Zamu ya baba wakati wa mpira tutaijadili siku nyingine.)

Na bibi analalamika haoni maandishi? Kabla ya kumnunulia kishikwambi, ingia kwenye mipangilio ya simu yake ukuze herufi. Hailipiwi.

Mkifika dukani, msione haya. Weka laini yako, piga simu, fungua menyu ya pesa, ndipo ulipe na kuchukua risiti ya EFD. Nawe ndugu muuzaji, mteja akiuliza kishikwambi, hebu muulize kama anataka cha kupigia. Swali hilo moja litamwepushia mama aliyetoka mbali nauli ya kurudi tena dukani.

Je, simu ya zamani? Isilale kabatini. Hamisha picha, ondoa akaunti zako, futa kila kitu, kisha mpe mjomba ambaye bado anatumia kitochi. Kaa naye jioni moja, umwelekeze taratibu, na umwambie mapema kwamba namba ya siri hatajiwi mtu, hata anayepiga akijitambulisha kuwa ni mhudumu wa mtandao wa simu.