Lubumbashi: Safari ya pikipiki kwa kundi ipangwe kwa mwendo wa yule wa nyuma

Kila mwaka mvua ikikatika mwezi wa tano, vijana wa Lubumbashi wanaanza kuulizana nani ana moto nzima, nani anakuja, na watalala wapi. Majina yanayorudi ni yale yale: maporomoko ya Lofoi katika hifadhi ya Kundelungu, maporomoko ya Kiubo kwenye mto Lufira upande wa njia ya Mitwaba, au Mwadingusha kwa wale wenye siku moja tu. Ni safari nzuri. Milima ya Haut-Katanga inastahili kuonwa na watoto wake kabla ya wageni. Lakini namna safari hizo zinavyopangwa inatia wasiwasi. Picha ya kundi inafikiriwa kwanza, mafuta baadaye, na yule atakayeanguka kwenye kona hafikiriwi kabisa.

Kosa la kwanza ni la kalenda. Maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300, na wengi wanangojea mwezi wa tisa ili njia ikauke vizuri. Wakifika wanakuta uzi mwembamba wa maji, na moshi wa majani yanayochomwa umefunika bonde. Wanaokwenda mwezi wa tatu wanabeba pikipiki zao kwenye matope badala ya kubebwa nazo. Kinachobaki ni wiki chache, mwisho wa mwezi wa tano na mwezi wa sita, na wakati huo asubuhi kule juu kwenye nyanda za Kundelungu ni baridi kali. Manseba aliyezoea kuendesha na kandambili mjini atajua hapo kwamba vidole vilivyokufa ganzi havikamati freni kwa wakati.

Kosa la pili ni kudhani kwamba hatari inaanza mlimani. Inaanza mapema zaidi, kwenye lami ya kwenda Likasi, kilomita 120 hivi, ambayo wamotari wanashiriki na malori ya shaba, ya mafuta na ya asidi. Mwezi wa pili 2019, karibu na Tenke kwenye njia ya Kolwezi, lori lililobeba asidi lilipata ajali na watu karibu 20 walikufa. Kuna tena jambo ambalo madereva wa Katanga wanalijua lakini hawalisemi kwa wageni wa pikipiki. Malori mengi yanayotoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini yana usukani upande wa kulia, na Kongo inaendesha kulia. Dereva akitaka kupita gari la mbele haoni kitu mpaka lori lake zima limetoka katikati ya njia. Motari anayekuja mbele yake ndiye anayelipa.

Na wale watu wa makala? Baiskeli yenye magunia matatu au manne, inasukumwa na mtu mmoja pembezoni mwa lami tangu usiku, kichwa chini, hana taa wala kioo. Kundi la moto kumi linalopita kwa kelele, la kwanza likimkwepa na la nane likiwa halijamwona, ni hatari kwake zaidi kuliko kwa wenyewe. Huyo hakuomba kuwa sehemu ya safari ya mtu.

Kwenye kona zenyewe, mambo ni machache lakini hayasameheki. Mwendo unapunguzwa kabla ya kuingia, si katikati. Macho yanatafuta mwisho wa kona, si shimo lililo mbele ya gurudumu, kwa sababu pikipiki inafuata macho. Kwenye kona ya kushoto, motari anayelala karibu na mstari wa kati anaacha kichwa chake upande wa wanaokuja, hata kama magurudumu yake yako mahali pake. Kwenye kona ya kulia, aliyeingia kwa haraka anasukumwa nje, moja kwa moja kwenye lori. Kwa udongo wenye vumbi, umbali wa mita kumi hautoshi: mtu asubiri vumbi la mwenzake litue, hata kama anaona aibu kuachwa.

Aibu hiyo ndiyo inayoua. Katika kundi moja kunakuwa na mhandisi wa mgodi mwenye moto kubwa ya sentimita za ujazo 650, na kijana mwenye 125 aliyobebea mchumba wake. Yule wa 125 anakimbiza mpaka kona inamshinda. Dawa inajulikana tangu zamani: kiongozi mmoja mbele asiyepitwa na mtu, mzoefu mmoja nyuma mwenye vifaa na dawa, na kila motari kuangalia taa ya anayemfuata. Taa ikipotea, anasimama; wa mbele naye anasimama. Hivyo hakuna anayelazimika kukimbia. Na kaske ni mbili kwa kila moto yenye abiria. Mchumba naye ana kichwa.

Mafuta yahesabiwe kwa tanki dogo kuliko yote, maana baada ya Likasi, ukiacha lami, yanabaki yale ya chupa ya Kadafi, pengine yamechanganywa. Mtandao wa simu unakatika kwa saa nyingi. Kwa hiyo mtu mmoja anayebaki Lubumbashi apewe majina, njia na saa ya kurudi, na ajue gari gani litakwenda kuchukua majeruhi, kwa kuwa ambulansi haitakuja.

Hapo serkali nayo inahusika. Tangu FONER iundwe mwaka 2008, kila litre ya mafuta inalipa matengenezo ya njia, na malori yanalipa peaji kila siku kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Pesa hizo zingetosha angalau kwa vibao vya kona na gari moja la wagonjwa linalokaa Likasi usiku na mchana.

Usalama pia haupangwi kwa uvumi. Eneo kati ya Pweto, Manono na Mitwaba liliitwa pembetatu ya kifo kwa sababu ya Bakata Katanga, na watu wenye silaha hawajasahau njia za hifadhi. ICCN na msimamizi wa territoire waulizwe wiki ile ile ya safari, si mwezi kabla. Kuhusu wanaoota kufuata barabara ya taifa namba 5 kutoka Lubumbashi hadi kona za Ngomo na Bukavu, vita vilivyofika Bukavu mwezi wa pili 2025 vimeshajibu. Kiubo iko karibu, na mwezi wa sita maji yake bado ni mengi.