Seva ya nane

JICHO LA JUMATANO
Na Zuhura Mbwana

Januari, wiki ile ambayo kila mzazi anahangaika na ada, nilikuwa kwenye ofisi ya kampuni moja ya programu hapa Dar es Salaam kwa kazi ya ushauri. Saa tatu asubuhi mfumo wao wa kupokea ada ukaacha kutoa namba za malipo. Simu zikaanza kulia. Walipiga wahasibu wa shule, wakafuata wakuu wa shule, hadi mama mmoja aliyesimama getini na mtoto wake, begi na ndoo chini, akiuliza afanye nini.

Vijana wanne walikuwa wamezunguka kompyuta moja. Tatizo walishalijua: cheti cha usalama cha seva kilikuwa kimeisha muda wake. Kukihuisha ni kazi ya dakika kumi. Ila nywila ya seva ile alikuwa nayo mtu mmoja tu, kiongozi wao wa kiufundi, naye alikuwa kijijini Moshi akimzika baba yake mkubwa. Simu yake haikupatikana mpaka saa kumi jioni.

Jioni ile meneja alinisindikiza hadi kwenye ngazi akaniambia, "Dada Zuhura, bila yule kaka sisi hatuendi popote." Alikuwa anamsifu kwa moyo wake wote. Maneno hayo nilikwenda nayo njia nzima, kwenye daladala mpaka nyumbani, maana nimewahi kuishika nafasi ile kwa miaka sita na nimewahi kusifiwa hivyohivyo.

Tunajua viongozi hawa wanavyopatikana. Kijana anayeandika msimbo haraka kuliko wenzake anapewa cheo, anaongezewa mshahara kidogo, kisha anaachwa aendelee kama jana. Kazi ngumu zote zinamjia yeye. Anakagua kazi za wenzake usiku wa manane, akichoka anazipitisha bila kuzisoma, au anazifuta na kuziandika upya mwenyewe. Wadogo zake wanajifunza jambo moja tu: ukikwama, mngoje kaka. Miaka miwili baadaye kampuni ina mtu mmoja anayejua kila kitu na watu watano wanaojua vipande, na hakuna aliyeamua iwe hivyo.

Sasa kazi yake hasa ni ipi? Meneja wa mradi anauliza lini na kwa shilingi ngapi. Kiongozi wa kiufundi anatakiwa aulize: ikiharibika itaharibikaje, nani ataiona kwanza, na nani ataweza kuirudisha? Maswali hayo hayaonekani kwenye skrini wala kwenye ripoti ya mwezi, ndiyo maana ni rahisi kuyaruka.

Nitoe mfano wa mahali yaliporukwa. Kampuni ya Marekani ya Knight Capital ilikuwa miongoni mwa madalali wakubwa wa hisa nchini humo. Mwishoni mwa Julai 2012 mafundi wake walikuwa wakipandisha programu mpya kwenye seva nane zilizokuwa zikipeleka sokoni maagizo ya kununua na kuuza. Ndani ya programu hiyo walitumia tena swichi ya zamani, iliyokuwa ikiwasha kazi iliyoitwa Power Peg. Kampuni iliacha kuitumia Power Peg tangu 2003, lakini msimbo wake haukufutwa. Kibaya zaidi, sehemu iliyokuwa ikihesabu na kuiambia "imetosha, acha" ilihamishwa 2005, na baada ya hapo hakuna aliyeijaribu tena.

Fundi aliyekuwa akipandisha programu mpya aliifikisha kwenye seva saba. Ya nane ikasahaulika. Hakukuwa na fundi wa pili wa kuhakiki, wala utaratibu wowote ulioandikwa wa kutaka awepo.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, tangu kama saa mbili kwa saa za New York, mfumo wenyewe ulianza kutuma barua pepe za hitilafu kwa wafanyakazi, zikiitaja Power Peg kwa jina. Zilifika 97 kabla soko halijafunguliwa saa tatu na nusu. Hakuna aliyezifanyia kazi, kwa sababu barua za aina ile hazikuwa zimewekwa kama kengele ya hatari. Soko likafunguliwa. Seva ya nane ikaanza kununua na kuuza bila kukoma.

Kilichofuata kila ninapokisoma kinanikaba koo. Katika kuhangaika kuuzima moto, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa. Swichi ilikuwa bado imewashwa, kwa hiyo na hizo saba zikaanza kufanya yale yale ya ile ya nane. Katika dakika kama 45, maagizo 212 ya wateja yakazaa miamala zaidi ya milioni 4. Kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460. Iliokolewa na wawekezaji siku chache baadaye, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na kampuni nyingine, Getco. Oktoba 2013 tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani iliitoza faini ya dola milioni 12.

Ni rahisi kumtupia lawama fundi aliyeisahau seva ya nane. Mimi nakataa. Kusahau ni kwa binadamu, na yeyote aliyewahi kurudia kazi ileile mara nane anajua mkono unavyoweza kupitiwa. Nani aliruhusu swichi ya zamani ipewe kazi mpya? Nani aliuacha msimbo uliokufa ukae humo miaka tisa? Nani alipaswa kusema barua hizi zisomwe na fulani, na siku ya hatari tunarudi nyuma kwa hatua hizi na hizi? Kila swali hapo ni la anayeongoza, na hakuna hata moja linalohitaji mtu awe na akili kuwapita wenzake. Linahitaji mtu mwenye muda wa kuuliza na mamlaka ya kusema "bado."

Muda na mamlaka ndivyo tusivyowapa. Wenye kampuni huniambia tupo watatu tu, hatuwezi kumlipa mtu wa kukagua. Wakiwa watatu na mmoja akaugua malaria, theluthi ya kampuni imelala kitandani, na pengine nywila zote ziko naye. Nashauri wazi: nusu ya wiki ya kiongozi wa kiufundi iandikwe kwenye mkataba kuwa ni ya kukagua, kufundisha na kuandika taratibu, na mshahara wake usipimwe kwa wingi wa msimbo. Na bosi anayeagiza kitu kitoke Ijumaa jioni azoee kujibiwa Jumatatu.

Yule kaka wa Moshi alirudi baada ya arobaini. Hakujitetea. Nywila akazihamishia mahali ambapo wawili wanaweza kuzifikia, kisha akakaa wiki mbili akiandika hatua za kupandisha programu, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili. Siku ya kupandisha toleo jipya aliniita nikashuhudie. Kompyuta yake aliiacha ndani ya begi, akakaa nyuma, mikono mapajani. Binti mdogo kuliko wote pale, aliyeajiriwa miezi minne tu iliyopita, ndiye aliyeshika kibodi, mwenzake akimsomea karatasi kwa sauti na kuweka alama kwa kalamu. Walipofika hatua ya sita binti akasimama.

"Kaka, seva ya tatu bado inaonyesha toleo la zamani."

Meneja alitazama saa. Wateja walishaahidiwa saa nne.

"Sasa tufanyeje, mdogo wangu?" kaka akauliza, bila kuinuka.

"Tusubiri. Nataka kujua kwanza kwa nini."

"Haya. Tunasubiri."