Kikosi cha mjomba hakina kipa

Msomaji, kama umewahi kukaa nyumba moja na shabiki wa kandanda wakati ligi imefungwa, utanihurumia. Mechi zinapochezwa mtu huyu ana kazi ya kufanya. Anapiga kelele, anamlaani refa, kisha anatulia na kula chakula chake. Lakini ligi ikishafungwa ugonjwa humwingia ndani. Anaanza kuunda timu kichwani: anafukuza huyu, anasajili yule, anamtoa beki anamfanya kiungo, na yote hayo akiwa ameketi kwenye kochi lako akingoja chai.

Mgonjwa wangu mimi ni mjomba. Kwetu Wakipsigis ndugu wa kiume wa mama huitwa "mama", jambo ambalo lilimtatiza sana jirani yetu siku aliponisikia nikimlaki mzee mwenye ndevu nyeupe langoni, "Karibu, mama." Alikuja Nairobi Julai 2025 kupimwa macho. Mkono mmoja alibeba kibuyu cha mursik, mwingine mfuko wa viazi, na kwapani alikuwa na daftari la shule ambalo hakukubali watoto walishike. Nilidhani ni hesabu za majani chai, maana mwaka wa chai hufungwa mwisho wa Juni, na wakulima wote wa kule Litein wakati huo hukokotoa bonasi watakayoipata Oktoba.

"Hii si ya chai," akasema. "Hii ni timu."

"Timu gani, mzee?" akauliza baba watoto, ingawa alijua vizuri sana. Huyu mume wangu ni mtu wa Mogogosiek, upande wa Bomet, na kiangazi hicho cha ligi alikuwa na kiburi kisichovumilika. APS Bomet walikuwa wamepanda daraja kuingia Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26, na hakuna asubuhi iliyopita bila habari hiyo kutajwa mezani.

"Timu ya Kericho," akajibu mjomba, na sote tukanyamaza kidogo.

Kwa vijana wanaosoma ukurasa huu na hawakumbuki, Kericho ilikuwa na timu kubwa. Zoo Kericho walipanda Ligi Kuu mwaka 2017, na msimu huo huo wa kwanza kiungo wao Michael Madoya akatawazwa mchezaji bora wa ligi. Hebu fikiria! Timu ya mji wa chai, isiyo na jina wala pesa za Gor Mahia au AFC Leopards, na mchezaji bora wa nchi nzima anatoka uwanja wa Kericho Green. Mwaka uliofuata alikwenda Tusker. Nicholas Kipkirui naye akafunga mabao yake, akachukuliwa na Gor Mahia. Hivyo ndivyo ilivyo kwa timu ndogo, wanalea kisha wanavuna wengine. Mjomba hakosi kusema kwamba aliwaona wote wawili kabla ya Nairobi kuwajua.

Kisha mwaka 2021 FIFA ikaitoa Zoo katika Ligi Kuu na kuishusha daraja kwa kosa la kupanga matokeo ya mechi. Mjomba alisikia kwenye redio akiwa shambani. Anasema aliweka kikapu chini, akakaa juu ya mawe, na siku hiyo hakuchuma tena.

Tangu hapo, kila ligi inapofungwa, yeye huijenga upya ile timu.

Jioni hiyo tulimbembeleza akalifungua daftari. Nilitarajia ukurasa wa kwanza uwe na majina ya wachezaji, kama wafanyavyo mashabiki wengine. La hasha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja uliopigiwa mistari miwili kwa kalamu nyekundu: Mshahara ni tarehe tano.

"Kwanza mshahara, ndipo straika," akasema. "Nyinyi wa magazeti mliandika habari za FIFA. Nani aliandika habari za kodi ya nyumba?"

Nilijaribu kumwambia kwamba tuliandika pia habari za wadhamini. SportPesa, waliokuwa wakiudhamini mpira wetu, walijiondoa mwaka 2019 baada ya mgogoro wa kodi na leseni, na vilabu vingi vikabaki kama mtoto aliyeachishwa ziwa ghafla. Akanikatiza. Akasema mchumaji chai asipolipwa kwa wakati huanza kuchuma vibaya. Badala ya majani mawili na chipukizi anang'oa chochote, majani magumu, vijiti, alimradi kikapu kijae. Hajawa mwizi. Amechoka tu, na watoto hawajala. "Sasa mpe mtu kama huyo simu, na mtu mwingine ampigie usiku amwambie kuna pesa, kazi ni kuteleza mara moja tu." Hakumtetea aliyeteleza, hilo naomba lieleweke. Mjomba angependa hata leo wale waliouza mechi wapewe ajira ya kupalilia chai yake yote bila malipo. Lakini anashikilia kwamba ukijenga kikosi kipya juu ya mishahara ya zamani, umepanda mche mpya juu ya mizizi iliyooza.

Na kuhusu miche anajua anachosema. Shamba lake lina chai ya 6/8, ule mche maarufu uliotoka kwa watafiti wa chai hapo hapo Kericho. Baba watoto alipomwuliza kama atafukuza wachezaji wote aanze na wapya, alicheka. Chai, akaeleza, hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne. Ukiikata, unakaa karibu miezi mitatu bila kuchuma kitu kwenye miti hiyo. Mkulima mjinga hupogoa shamba zima kwa siku moja, kisha anakwenda kukopa unga. Mwenye akili hukata sehemu moja mwaka huu, nyingine mwaka ujao. Kwa hiyo kikosi chake kina wazee wanane wa kushikilia timu, na vijana wanaingizwa wanne wanne.

Wachezaji wenyewe hawakuandikwa kwa majina bali kwa vijiji na kazi. Beki wa kushoto: wa bodaboda, Kapsoit. Kiungo mkabaji: mwalimu, Kipkelion. Winga wa kulia alikuwa kijana aliyezaliwa katika kambi za mashamba makubwa ya chai, aliyekuwa mchumaji hadi mashine za kuchuma zilipoletwa zikafanya kazi ya watu wengi kwa siku moja. Mnakumbuka Mei 2023 vijana waliposhikwa na hasira hadi mashine zikachomwa moto kule Kericho. Huyu hakuchoma kitu, mjomba akasema, alikwenda uwanjani akapiga mpira ukutani mpaka giza.

Mabeki wa kati wote wawili walikuwa warefu kama nguzo za stima. Nikauliza sababu. Jibu lilikuwa mvua. Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, upepo wenye unyevu wa Ziwa Victoria unapokutana na milima, na mara nyingine huja na mvua ya mawe inayopasua majani ya chai. Mechi nazo huchezwa saa tisa au saa kumi, yaani mchezaji na mvua hufika uwanjani pamoja. Uwanja ukishakuwa matope, pasi fupi fupi za kwenye televisheni zinakwama. Mpira unapigwa juu, na mwenye kichwa kirefu ndiye mfalme. Mgeni kutoka Mombasa, aliyezoea joto, atakuwa anatafuta hewa kwenye mwinuko wa mita elfu mbili huku kandambili zake zinaelea chumba cha kubadilishia nguo. Sikujua kama hili ni somo la kandanda au la jiografia, lakini mwanangu wa darasa la saba aliliandika.

Alikosea mahali pamoja, kwa maoni yangu. Alitaka kuchukua wakimbiaji wawili wa mbio za mita 800 awafanye mawinga, kwa hoja kwamba Kericho ndiyo iliyomtoa Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya Tokyo mwaka 1964. Nikamwambia mguu wa kukimbia si mguu wa mpira. Nimewaona wakimbiaji wakicheza kandanda. Wanafika kwenye mpira kabla ya wote, halafu hawajui wafanye nini nao. Alinung'unika, lakini nilimwona akiweka alama ya kuuliza kwa penseli.

Kisha tukafika kwenye pesa, na hapo ndipo chai ilipopoa vikombeni.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Wachezaji 25, kila mmoja shilingi 30,000 kwa mwezi, ni 750,000. Miezi kumi ya ligi ni milioni saba na nusu. Zitatoka wapi? Si kwa kampuni za kamari, hizo alizikata kwa kalamu nyekundu. Zitatoka kwenye majani. Viwanda vitano vya wakulima wadogo katika Kericho, yaani Momul, Tegat, Toror, Litein na Kapkatet, vitatoa senti kumi kwa kila kilo. Tuseme, akasema, kila kiwanda kinapokea kilo milioni 15 za majani mabichi kwa mwaka. Hiyo ni milioni moja na nusu kwa kiwanda, na mara tano, hesabu imefungwa. Mkulima mwenye kilo elfu tatu kwa mwaka atakuwa ametoa shilingi 300.

Ilikuwa hesabu safi, nakiri. Lakini mama yangu, ambaye ni dada yake na alikuwa kimya jikoni muda wote huo, akatokea mlangoni na mwiko. "Wewe ndiye utasimama mbele ya wakulima Oktoba uwaambie wakatwe? Bonasi yetu kila mwaka iko chini ya ile ya wenzetu wa Mlima Kenya, watu wanataka kung'oa chai, na wewe unakuja na senti kumi za mpira?"

"Senti kumi si kitu," mjomba akasema kwa sauti ndogo.

"Kila anayetukata husema hivyo."

Hakuna aliyecheka. Mama alirudi jikoni. Baba watoto, nadhani kwa nia ya kumwokoa mzee, akalivuta daftari akaanza kupitia hesabu kwa kidole. "Mzee," akasema, "umelipa miezi kumi. Julai na Agosti watakula nini?"

Mjomba alivaa miwani yake, akaivua. Yeye aliyeandika kwa kalamu nyekundu kwamba mshahara ni tarehe tano alikuwa amewasahau wachezaji wake kwa miezi miwili, tena miezi hii hii ya kupumzika, ambayo ndiyo wachezaji huhama, hukopa, na kupigiwa simu na watu wasiowajua. Akachukua kalamu akafuta. Miezi 12 ni milioni tisa. Viwanda vitano havitoshi tena, sharti viwe sita, na Kericho ilikuwa imemwishia mdomoni.

"Kiwanda cha sita kipo," baba watoto akasema polepole, na mimi nikajua kinachokuja. "Kiko Mogogosiek."

Ilimchukua mzee muda kuandika neno hilo. Alijifariji kwa kutukumbusha kwamba Bomet ni mtoto wa Kericho, wilaya iliyomegwa mwaka 1992 tu, na si vibaya mzazi akiomba mtoto wake mboga. Akaongeza kwamba APS Bomet ni timu ya polisi, mishahara yao inatoka serikalini, kwa hiyo wao hawajaonja shida. Hapo baba watoto hakujibu, maana ni kweli mwajiri wa namna hiyo ni bahati ambayo timu ya mtaani haina.

Nilipokuwa nikimrudishia daftari niliona kitu ambacho nilikuwa nimekiruka. Mbele ya nambari moja hapakuwa na kijiji wala kazi. Nambari 16 na 22, makipa wa akiba, walikuwepo. Nambari moja ilikuwa tupu.

Sikuuliza, kwa sababu najua. Kifungua mimba wake, binamu yangu, alikuwa kipa. Si wa Zoo, alicheza timu nyingine ndogo ambayo sitaitaja. Walikaa miezi mitano bila kulipwa, na usiku mmoja akapigiwa simu ya namna ile. Alikata simu, akamwamsha babake akamweleza, na asubuhi akapeleka glavu zake kwa mtoto wa jirani. Leo anapima majani katika kituo cha kukusanyia chai. Ana miaka 26, na kwa kipa huo ni ujana. Hajakanyaga uwanja tena, hata kutazama.

Usiku huo alipiga simu kuuliza habari za macho ya babake. Mjomba alimweleza kuhusu dawa za matone, na bei yake, na foleni. Kisha, kama mtu anayezungumzia jambo la kando tu, akasema kwamba hesabu ya timu imerekebishwa, sasa ni miezi 12 kamili, na Mogogosiek wamo. Simu ilikuwa kwenye spika. Tulisikia mbwa wakibweka kule Litein, kisha kimya kirefu.

"Mshahara ni tarehe ngapi, baba?" binamu akauliza.

"Tano," mjomba akasema, na mkono wake ukaanza kutafuta kalamu chini ya kochi.