Tusibahatishe Uhai Barabarani

Ipo tabia moja iliyoota mizizi miongoni mwetu sisi watumishi wenye magari madogo ya zamani, nayo haina budi kukemewa. Gari likianza kuyumba au kutetemeka katika barabara kuu, mwenyewe hupunguza mwendo kidogo, akalizoea, na safari ikaendelea. Aulizwapo, hujibu kwa fahari kwamba gari lake "halipendi kupita themanini". Gari halina mapenzi. Lina vyuma, mpira na upepo, na kila kimojawapo kikichakaa hutoa dalili yake.

Magari yenyewe tunayajua. Starlet ya zamani ilikoma kutengenezwa mwaka 1999, na Vitz za kwanza zilitoka mwaka huohuo. Kwa hiyo Starlet ya zamani iliyo changa kuliko zote imekwisha kupita miaka 25. Si aibu kuwa nayo, kwani mshahara wa mwalimu una mipaka yake. Aibu ni kuiendesha kati ya Chalinze na Morogoro kwa kilomita 100 kwa saa bila kujua hali ya magurudumu yake. Kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 28 kila sekunde, na nguvu linayokwenda nayo ni mara nne ya ile ya kilomita 50.

Tabia ya pili ni ya baadhi ya mafundi, nayo twailea wenyewe. Mimi nimekwisha kuilipia. Usukani wa gari langu ulikuwa ukitikisika kila nilipofika kilomita 85. Fundi mmoja, bila hata kulipandisha gari kwenye jeki, akaamuru shokapu mpya. Nikanunua, mtikisiko ukabaki. Akaamuru tairodi. Nikanunua, ukabaki. Fundi wa pili alizungusha gurudumu la mbele kwa mkono, akanionyesha uvimbe kwenye tairi: nyuzi za ndani zilikuwa zimeachana. Kwa miezi miwili nilikuwa nimewapakia watoto wangu juu ya tairi lililokuwa likingoja kupasuka.

Kosa la fundi yule lilikuwa kuanza na dawa kabla ya kuuliza ugonjwa. Utaratibu unaofaa huanza pale mpira unapogusa lami. Kwanza ni upepo, upimwe tairi likiwa la baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Pili ni umri wa tairi. Ubavuni mwake mna tarakimu nne: 2315 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri huku mpira wake umekwisha kuzeeka.

Kisha tuzisikilize dalili. Usukani ukitikisika kati ya kilomita 80 na 110, kwanza shuku magurudumu ya mbele: pengine vipande vya risasi vya kusawazisha vimedondoka, au matope yamekaukia ndani ya rimu. Mtikisiko ukisikika zaidi kwenye kiti, shuku ya nyuma. Ukitokea wakati wa kukanyaga breki tu, tazama sahani za breki. Gari likivuta upande mmoja, badilishana matairi mawili ya mbele. Mvuto ukihama, kosa ni la tairi. Ukibaki palepale, kapime alaimenti na uangalie breki inayoshika. Gari likitangatanga, lipandishwe juu na kuegemezwa imara, kisha gurudumu litikiswe. Likicheza kushoto na kulia, tazama tairodi. Likicheza juu na chini, tazama beringi na boli jointi. Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, na kubadilika katika kona, mara nyingi ni beringi.

Watakuwapo watakaosema kwamba lawama ni ya barabara iliyobonyezwa na malori. Ni kweli kwamba lami yenye mifereji huyumbisha gari. Lakini barabara hiyohiyo hupitwa na magari mengine yakiwa yametulia. Barabara mbovu haiumbi ubovu wa boli jointi kwa siku moja. Huufichua, na aghalabu huufichua mbele ya lori linalokuja. Wengine watasema kwamba uchunguzi ni gharama. Waulize waliokwisha kununua spea tatu zisizohitajika.

Nawaambia hasa walimu na watumishi wa ofisini. Mwalimu hampi alama mwanafunzi aliyekisia jibu bila kuonyesha njia. Karani hatii sahihi malipo yasiyo na hati. Mbona tukifika gereji twaweka elimu yetu mlangoni, tukalipa kwa neno tupu? Kabla ya kutoa fedha, mwambie fundi akuonyeshe kinachocheza, ukishike kwa mkono wako. Fundi mwema hatachukia. Atafurahi kumpata mteja anayeiheshimu kazi yake. Asiyeweza kuonyesha, hajui.

Na mpaka ubovu ujulikane, gari lisitoke kwenda safari ndefu. Mkutano wa wilayani utasubiri, au tutapanda basi. Abiria tunaowapakia hawakuulizwa kama wanakubali kubahatishwa.