"Ndiyo" Yetu Si "Yes" Yao

Ndugu msomaji, mwezi huu sitazungumza juu ya mbolea wala viwavijeshi. Nitazungumza juu ya neno moja dogo la Kiingereza. Neno hilo liliwahi kukikosesha kijiji kimoja cha Kasulu mbegu za maharage. Aliyelitamka ni mimi.

Ilikuwa Februari 2016. Mwaka uliotangulia, Warundi wengi walikuwa wameikimbia nchi yao na kuingia mkoani kwetu Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyopokea Wakongo tangu 1996, ilifurika. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena Oktoba 2015. Barabara zetu zikajaa magari ya mashirika, na ndani ya magari hayo wageni wa kila taifa. Wengi hawakujua Kiswahili. Lugha yao ya kazi ilikuwa Kiingereza. Baadhi yao walifika pia katika vijiji vya wenyeji kuleta mbegu na majembe.

Mgeni mmoja alifika katika kijiji nilichokuwa nakihudumia. Alishika karatasi yenye orodha ya vijiji. Siku hiyo hakuja na mkalimani. Mwenyekiti wa kijiji akanisukuma mbele. "Bwana Shamba, wewe umesoma. Tusemee."

Kweli nimesoma. Nina cheti cha kilimo, na vitabu vingi nilivyosoma chuoni vilikuwa vya Kiingereza. Lakini kusoma kitabu ni kazi moja, na kumjibu mtu anayekutazama usoni ni kazi nyingine. Kitabu hukungoja. Mtu hakungoji.

Mgeni akauliza, "Haven't you received the seed?" Maana yake: Je, hamjapokea mbegu? Nikajibu upesi, "Yes." Moyoni nilikuwa nasema: ndiyo, hatujapokea. Mgeni akatabasamu, akatia alama kwenye karatasi yake, akapanda gari.

Tulingoja lori wiki mbili. Lilipita barabara kuu, likaenda kijiji kingine. Tulipofuatilia, tuliambiwa kwamba sisi tumeandikwa kuwa tulikwisha kupokea. Mbegu zilikuwa zimegawiwa zote. Msimu wa pili wa maharage haungoji mtu, kwa hiyo watu walipanda yale waliyoweka kwa chakula. Wasiokuwa na akiba waliacha shamba wazi.

Mzee mmoja aliniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwa nini hukumwambia kwamba hujaelewa?" Nilinyamaza. Niliona aibu kumwambia kwamba niliona aibu.

Sasa tutazame kosa lenyewe. Kwa Kiswahili, mtu akikuuliza "Hamjapokea?", ukajibu "Ndiyo", unayakubali maneno yake. Unasema: ni kweli kama ulivyosema, hatujapokea. Kiingereza hakiendi hivyo. "Yes" ya Kiingereza haijali swali limeulizwaje. Inatazama jambo lenyewe. Kama mbegu mmepata, jibu ni "Yes". Kama hamkupata, jibu ni "No", hata kama muulizaji ameuliza kwa kukanusha.

Dawa yake ni rahisi. Usiishie kwenye "Yes" au "No". Maliza sentensi. Sema, "No, we have not received the seed." Maana yake: Hapana, hatujapokea mbegu. Hata ukikosea neno la kwanza, msikilizaji atashangaa na kukuuliza tena.

Baada ya mkasa ule tulianza darasa la mazungumzo kila Jumatano jioni, baada ya kazi za shamba. Walikuja mama wauza maharage, vijana wa bodaboda, warina asali na yule mzee. Sikuanza na "Good morning". Nilianza na sentensi hii: "I do not understand. Please say it again slowly." Maana yake: Sijaelewa. Tafadhali sema tena polepole. Tuliisema kwa zamu, mmoja mmoja, huku wengine wakimkazia macho kama wageni. Siku ya kwanza watu walicheka na kuziba midomo kwa kanga. Baada ya mwezi, hakuna aliyeziba mdomo.

Msinielewe vibaya, salamu ni nzuri. Sisi wa Buha tunajua kusalimu, tena kwa kupiga makofi. Lakini hakuna aliyepata hasara kwa kusahau "Good morning".

Hasara iko kwenye hesabu. Mama mmoja wa Kibondo alikuwa akiuza kuku kwa shilingi 15,000. Mgeni akauliza, "How much?" yaani bei gani. Mama akajibu "fifteen thousand", lakini sauti ya mwisho ikafia mdomoni. Mgeni akasikia 50,000, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mama akabaki na kuku wake, akidhani wazungu ni wachoyo. Kumi na tano ni "fifteen": vuta mwisho wake, fiftiiin. Hamsini ni "fifty": kata mwisho wake, fifti. Kama bado una wasiwasi, taja tarakimu moja moja: "one, five". Au iandike bei hiyo mchangani kwa kijiti. Hiyo nayo ni lugha.

Na neno "pole"? Kiingereza hakina neno linalolingana nalo sawasawa. Mgeni akijikwaa, nasi tukamwambia "Sorry", hushangaa na kusema si kosa lako. Msamehe. Hajui kwamba unamhurumia.

Kijana mmoja darasani aliuliza kwa nini tujisumbue, wakati Kiswahili kinatutosha. Swali zuri. Wazee wa huku waliwaona Wajerumani, kisha Wabelgiji kuanzia 1916 hadi 1921, ndipo wakaja Waingereza. Kila mtawala alikuja na lugha yake. Tena Februari 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwalimu Nyerere naye alikijua sana Kiingereza. Alikitumia kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, mara ya kwanza mwaka 1963. Hakuna aliyesema kwamba ameacha lugha yake. Nilimjibu kijana kwamba pale Kiswahili kinapofika, tukitumie bila haya. Lakini siku ile ya karatasi, Kiswahili kilikuwapo kinywani mwangu na mgeni hakukisikia.

Wazazi, watumieni watoto wenu wa shule. Mtoto wangu aliandika Kiingereza kizuri daftarini, lakini mgeni alipomwuliza njia ya sokoni alikimbilia nyuma ya nyumba. Sasa jioni mimi ni mgeni, yeye ni mwenyeji.

Mwaka 2018 alikuja mgeni mwingine na karatasi nyingine. Safari hii aliyesimama mbele ni yule mzee. Mgeni akauliza. Mzee akasema, "Please say it again slowly." Mgeni akarudia. Mzee akaomba tena. Baada ya mara ya tatu, mzee aliishika ile karatasi, akaweka kidole kwenye jina la kijiji chetu, akasema, "No. We have not received." Kisha akamngoja mgeni aandike.