Nipe mji, nikupe neno

Gazeti hunifikia Wete, hapa Pemba, alasiri, nikishatoka skuli, na mara nyingine hulala Chake Chake nikalipata kesho yake pamoja na la pili. Nikifika nyumbani baba huwa ameshakaa barazani, mgongo ukutani, mkongojo ubavuni. Haniulizi habari za Dodoma wala za mpira. Huniuliza, "Lile fumbo wamelitia?" Nikimwambia limo, hujisogeza akanipisha, nami hutoa penseli na ufutio tukaanza.

Baba haoni. Presha ya macho ilimchukulia jicho la kushoto kwanza, la kulia likafuata, na huu ni mwaka wa sita. Kwa hivyo mimi ndiye macho na yeye ndiye kamusi. Namsomea swali, namwambia neno lina vyumba vingapi, maana ndivyo anavyoviita vile viraba, na chumba gani kimeshapata herufi. Yeye hunyamaza kidogo, akatikisa kichwa, akatoa neno.

Siku za mwanzo tuligombana sana juu ya hesabu. Swali moja lilisema "Upepo wa asubuhi", vyumba sita. Nilikwisha kuandika UMANDE, sina wasiwasi. Baba akasema, "Matlai." Nikamuuliza ina herufi ngapi. Akasema nne. "Basi haiingii, baba." "Inaingia, mwanangu." Akanyoosha vidole kimoja kimoja: mimu, twaa, lamu, aini. Ndipo nikafahamu. Baba alijifunza kuandika chuoni, na Kiswahili chake maisha yote alikiandika kwa herufi za Kiarabu, ambamo irabu fupi ni alama tu juu au chini ya herufi, haina chumba chake. Nikaliandika kwa herufi zangu, M, A, T, L, A, I, likatimia sita. Chumba cha tatu kikapokea T ya TANGA, neno la kushuka ambalo kwa UMANDE lilikuwa limekataa kuingia. Tokea siku hiyo yeye hutoa neno na mimi huhesabu.

Kisha akanieleza. Matlai ni huko jua linakochomoza, kama magharibi ilivyo huko linakotua. Mvuvi wa upande wetu huu wa kisiwa hutoka alfajiri na upepo unaomsukuma kutoka nchi kavu, akaelekea baharini hana haja ya kasia. Nimezaliwa Wete, nimesomesha miaka 19, na neno hilo sikuwa nalo.

Nayasema haya kwa sababu wiki iliyopita, chumba cha walimu, mwenzangu mmoja alinambia mbele ya watu kwamba fumbo la gazetini ukisaidiwa umeiba. Aliyekaa karibu yake hakusema kitu. Alitoa simu, akaupiga picha ukurasa, na majibu yote yakatoka chai haijapoa. Mmoja ananitaka nisiulize kabisa, mwengine ananitaka niulize kitu kisichonijua. Wote wawili nawapenda, na wote wawili nawapinga.

Sisi tumelelewa na kitendawili. Kitendawili hakitegwi na mtu peke yake chumbani. Lazima awepo wa kusema "Tega", na lazima awepo wa kushindwa. Ukishindwa hupewi jibu bure, unadaiwa mji. Unasema, "Nakupa Tanga." Mwenye kitendawili anaukataa, unampa mwengine, mpaka upatikane anaoutaka. Anakwenda, anakula, anakunywa, anatusimulia aliyoyaona, ndipo anapofumbua. Kuomba msaada kumo ndani ya mchezo wenyewe, na kuna bei yake. Mimi naamini ile bei ndiyo inayolifanya neno likae kichwani. Majibu niliyoyaona yakitoka kwenye simu siku ile siyakumbuki hata moja. Matlai sitaisahau.

Na kisiwa chenyewe ni hiki cha Kamange na Sarahani, mabingwa waliokuwa wakitupiana beti na kujibizana. Habari zao zimekusanywa katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichotoka mwaka 2011. Fumbo kwa watu hawa lilikuwa barua. Lilipelekwa kwa mtu, likasubiriwa jibu.

Mchezo huu wa viraba, kweli, haukuanza kwetu. Aliyeutunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na ulichapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Disemba 1913. Ulipoanza kuwapendeza watu, New York Times liliuandama mwaka 1924 kwamba ni kupoteza wakati, kisha mwaka 1942 likaanza kuchapa wa kwake. Lakini ulipoingia kwenye Kiswahili ulikuta nyumba iliyokwisha kupangwa. Maneno yetu karibu yote humalizikia kwa irabu, kwa hivyo chumba cha mwisho unakijua nusu kabla hujaanza. Kitenzi kimoja kinakupa piga, pigwa, pigia, pigana, na mtungaji makini anaweza kukusumbua siku nzima kwa pigwa na pigia, maana zote ni vyumba vitano na zimeachana kwa herufi moja tu. Umejazwa A kila mwisho, huna pa kushika ila maana. Kumbe basi ni mchezo wa kuijua lugha, na lugha wanayo watu.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wahariri wetu. Mafumbo mengi ninayoyaona siku hizi yamejaa miji mikuu ya Ulaya, alama za madini na majina ya wachezaji. "Mji mkuu wa Norway" ni swali la simu, baba yangu hana la kulifanya, na mimi sina sababu ya kumwita mtu barazani. Tutieni maneno yaliyomo mikononi mwa watu. Ulizeni "Vibaba vinne" tuandike PISHI, na mtoto wa mjini atake kujua kwa nini msimu wa karafuu mchumaji huhesabiwa kwa pishi. Baba huliona neno hilo ni fupi mno kwa vyumba vitano, kwa sababu shini kwake ni herufi moja. Ulizeni vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, tuandike MAKONYO. Ulizeni dema, ulizeni kata. Nyenzo zipo. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limeshatoa hata kamusi ya lahaja yetu ya Kipemba. Mtungaji akiifungua mara moja kwa wiki atapata maneno ya mwaka mzima, na msomaji wa Songea au Mwanza atakuwa na sababu ya kumpigia simu rafiki yake wa Micheweni.

Na majibu msiyachape chini ya fumbo lile lile, yamegeuzwa kichwa chini. Yawekeni toleo la kesho. Usiku ule mmoja katikati ndio unaomtoa mtu nyumbani akaenda kuuliza.

Nimelijaribu hili darasani. Niliwachorea watoto wa darasa la tano viraba vichache ubaoni, maswali yote ya vitu vya nyumbani na vya shamba, nikawaambia wakaulize wakubwa wao. Walirudi na maneno, na walirudi na hadithi ambazo sikuwaagiza. Msichana mmoja hakuridhika kuniandikia KATA. Alikuja nayo mkononi, ya kifuu, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa miaka mingi, ameazimwa na bibi yake kwa sharti airudishe kabla ya magharibi. Darasa zima liliishika kwa zamu. Mvulana wa dawati la nyuma aliteka nayo maji kwenye ndoo, akayatazama, akayarudisha, akateka tena.

Mwalimu mwenzangu yule wa simu atasema haya ni ya zamani, na kwamba simu nayo inajua maneno. Inajua mengi, sikatai, na mimi mwenyewe naitumia kwa kazi nyingine. Lakini baba yangu ana miaka 81, na tangu macho yalipozima watu wanakuja kumjulia hali, wanamwambia pole, wanamletea machungwa, wanaondoka. Ni nani anayemuuliza jambo? Alasiri ya fumbo, penseli ikiwa mkononi mwangu, yeye ndiye anayetakiwa. Hukaa wima. Sauti yake hubadilika.

Juzi tulibakiwa na neno moja. "Mti wa chomboni", vyumba vinane. Nikaandika MLINGOTI, nikahesabu, vinane kweli, hata I ya mwisho ikakubali. Lakini chumba cha tatu kilikuwa na R iliyoshuka kutoka KARAFUU, na karafuu sikuwa na shaka nayo. Nikafuta. Nikamsomea tena baba, nikamwambia cha tatu R, cha mwisho I.

Akatabasamu. "Unalo?" nikamuuliza.

"Ninalo. Nipe mji."

"Nakupa Mombasa."

"Nimeshafika sana."

"Nakupa Maskati."

"Mbali huko, mwanangu, magoti hayafiki."

Nikafikiri. "Nakupa Tumbe."

Tumbe ndiko alikozaliwa. Alikaa kimya kidogo, mikono juu ya mkongojo. "Haya," akasema, "nimekwenda Tumbe. Nimekuta maji yametoka, jahazi la marehemu baba limepwelewa, limelala ubavu. Tanga wameshalishusha, wamelikunja juu ya foromali yake."

Nikaandika F, nikaandika O, R ilikuwepo, nikaendelea mpaka vyumba vyote vinane vikajaa. Kisha nikamuuliza foromali ni mti gani. Alisimamisha mkono wake wa kushoto, akasema huu ndio mlingoti. Akauchukua mkongojo kwa mkono wa kulia, akaulaza mshazari juu ya ule mkono, ncha moja juu na moja chini, akaupandisha polepole hadi kiganjani.