Clark, Lois na kile kikapu

Leo jameni naweka programu kando niwapendekezee hadithi za mapenzi. Ndiyo, mapenzi! Mcheke mkimaliza kusoma.

Kipindi cha runinga cha Lois & Clark kiliisha Juni 1997, baada ya misimu minne. Superman na Lois waliachwa wakiduwaa mbele ya kikapu chenye mtoto mchanga, wala hatukuambiwa alikotoka. Basi mashabiki wakafanya tunachofanya sisi waandishi wa programu mradi ukitelekezwa: waliuchukua wakauendeleza wenyewe.

Hadithi hizo ziko nyingi Archive of Our Own, bure, na hata programu inayoendesha tovuti hiyo ni huria. Unashusha EPUB au PDF, unasoma baadaye bila bando.

Anzeni na zinazofumbua kile kikapu. Lakini ninazozipenda mimi ni zile ambazo Lois anaijua siri ya Clark mapema, si mwishoni mwa msimu wa pili kama kwenye runinga. Hukasirika, na si kwa sababu mwenzake anapaa. Hukasirika kwa kuwa Clark alimwamulia yapi ayajue.

Nilipopoteza kazi, wiki tatu nilitoka nyumbani asubuhi na begi la tarakilishi, eti namlinda mke wangu. Hadithi moja ya aina hiyo ilinishinda kumaliza. Nilienda nikamwambia. Alikasirika vilevile kama Lois.

Anayeziita upuzi wa watoto, asome moja kwanza.